Hadi Chumba cha Maombi

Mama yangu hakulipenda neno saikolojia. Majirani walipomuuliza binti yake anasoma nini chuoni, alijibu "mambo ya afya" akageuza mazungumzo haraka, kwa sababu siku moja jirani alikuwa amemuuliza mbele ya watu, "Kumbe mutoto wako anasomea basazi?" Musazi, kwetu Goma, ni yule anayetembea barabarani nguo zimechanika, akizungumza peke yake, na hakuna mzazi anayefurahi kusikia jina la mtoto wake likitajwa pamoja na neno hilo. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu, Wakatoliki, baba yangu karani. Nyumbani kwetu mtu akiumwa kichwa anapewa kidonge. Akiumwa moyo anaambiwa akasali rozari.

Nilipojiunga na kikundi cha wanafunzi wa kujitolea, wanaozunguka mjini kuzungumza na watu juu ya afya ya akili, mama aliitazama ile fulana ya njano niliyopewa, akaigeuza mbele na nyuma, akasoma yale maandishi ya afya ya akili mgongoni.

"Na hapa nyuma balazimika kuandika yote hii?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ukienda kupanda moto, vaa jaketi juu."

Nilivaa jaketi juu, nikapanda pikipiki.

Aliyetufundisha alikuwa muuguzi wa kituo kimoja cha kutibu magonjwa ya akili, mama mwenye umri wa kutuzaa, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili umsikie. Alituambia kwamba sisi hatutibu mtu. Kazi yetu ni kusikiliza, kueleza, na tukiona mgonjwa, kumpigia yeye simu. "Na musibatajie batu majina ya magonjwa," alisema. "Mutabaogopesha, kisha hawatasikia tena kitu." Tuliitikia wote, tukatoka pale na kipaza sauti cha mkononi, tukafanya kinyume cha yote aliyosema.

Mara yetu ya kwanza tulikwenda Kituku, sokoni, kando ya ziwa. Ilikuwa asubuhi, mitumbwi imeshaingia, akina mama wamejipanga na mabeseni yao ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, na wachota maji wanapita katikati na madumu. Kipaza sauti alikuwa nacho mwenzangu, kijana mrefu wa Masisi tuliyesoma naye darasa moja, ambaye hata bila chombo husikika ng'ambo ya barabara. Alianza kwa Kiswahili cha shule: "Ndugu wapendwa, afya ya akili ni hali ya ustawi ambayo ndani yake mtu binafsi..." Watu walikuja mbio. Nilifurahi sana. Sijawahi kuona watu wakikusanyika upesi namna ile. Kisha mama mmoja wa mbele akauliza:

"Majina munaandikia wapi?"

"Hatuandiki majina, mama," nikasema.

"Munagawa nini basi? Sabuni? Bashi ya kufunika nyumba?"

"Hatugawi kitu. Tumekuya kuzungumza tu."

Walidhani tumeleta msaada. Wakatawanyika upesi kama walivyokuja, wengine wakitulaumu kwamba tumewapotezea wateja. Akabaki mama mmoja tu, aliyekaa nyuma ya meza ya samaki wa chumvi, na huyo alibaki kwa sababu pale ndipo mahali pake pa kazi. Mwenzangu alisimama mdomo wazi, hajui kama aendelee au aache.

"Endelea tu, mutoto," yule mama akamwambia. "Samaki yangu inasikia."

Tulimsimulia muuguzi, tukidhani atatukaripia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema tukiache kile chombo, tukae chini na watu, tuwaulize jambo moja tu: wanalala namna gani.

Tuliporudi Kituku tulikwenda mikono mitupu. Niliomba ndoo nikaigeuza, nikaikalia karibu na yule mama wa samaki wa chumvi. Tukaongea mambo ya mvua, mambo ya barabara, kisha nikamuuliza:

"Mama, unalalaka muzuri?"

"Juu ya nini unaniuliza ile?"

"Juu hapa mujini tuko wengi hatulalake, na hatusemake."

Aliyejibu ni jirani yake. Alisema tangu siku za risasi mjini, mlango ukipigwa na upepo yeye tayari yuko chini ya kitanda. Mwingine akasema mume wake anakaa dirishani mpaka kunakucha, halafu mchana anagombana na kila mtu. Wa tatu akasema yeye halali mahali popote isipokuwa kanisani, mahubiri yakianza, na hapo wote wakacheka, tukacheka nao, mpaka mmoja akawa anajifuta machozi na hakuna aliyejua kama bado ni ya kicheko. Siku hiyo sikutoa hotuba. Nilisema maneno machache tu, kwamba akili huchoka na huugua kama tumbo linavyougua, na kwamba kuna watu wa kutibu. Waliniuliza maswali mengi hivi kwamba mwenzangu alilazimika kuketi upande wa pili kunisaidia.

Tulipokuwa tunapanda kurudi barabarani, yule mama wa samaki wa chumvi alitufuata. Alikuwa ameshika mikono mbali na kitenge chake ili asikipake chumvi.

"Ninyi banafunzi. Mutu asiyelala kabisa, hachoke, anasema tu na kusema, ile munaiitaka namna gani?"

"Ni nani, mama?"

"Mudogo yangu."

Tuliketi kando ya barabara, juu ya mawe meusi, akatueleza. Walizaliwa Rutshuru, yeye mkubwa, huyo mdogo wake wa mwisho. Kaka huyo ndiye aliyekuwa akinunua samaki kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi na kuwaleta kwa pikipiki mpaka Goma, dada akauza. Mtu mkimya, alisema, mtu ambaye ukitaka neno kwake lazima ulichimbe, isipokuwa wakigombana juu ya samaki. Basi mvua zilipoanza, akaacha kulala. Akawa na maneno mengi. Siku moja alifika Goma na pikipiki bila samaki hata mmoja: aliwagawa wote njiani, kwa sababu ameambiwa kwamba ziwa zima sasa ni lake. Wiki iliyofuata akaigawa pikipiki yenyewe kwa mtu asiyemjua. Ndugu wengine wakasema amelogwa na wafanyabiashara wenye wivu, wengine wakasema ni pepo. Wanaume wa familia wakamshika, wakamfunga kamba, wakampeleka kwenye kanisa moja lililo upande mwingine wa mji, lenye chumba cha kuombea wagonjwa.

"Na sasa?"

"Aiko kule." Alikuwa anatazama barabara, si sisi. "Kila siku minapeleka chakula. Minaacha sahani kwa mulango, minarudi. Sina nguvu ya kumuona. Lakini sauti yake minasikia mbele ya kufika."

Nilimpigia simu muuguzi pale pale. Aliuliza kama anakula, kama anakunywa maji, kama ana vidonda, kama aliwahi kuwa hivyo zamani. Mama alijibu kila swali, na kwa lile la mwisho akashtuka. Ndiyo, aliwahi. Alipokuwa kijana, kwa muda wa wiki kadhaa. Waliambiwa ni malaria imepanda kichwani, ikaisha yenyewe, wakasahau. Muuguzi akasema Jumamosi atakwenda nasi.

Wiki hiyo niliogopa. Tulikuwa tumesikia wanafunzi wengine waliokwenda kwenye chumba cha maombi wakafukuzwa kwa matusi, wakaitwa mawakala wa shetani. Mwenzangu alisema tusibishane, tuwe na heshima, ila tusirudi nyuma. Mimi nilitayarisha maneno. Niliyapanga vizuri, na Kifaransa kidogo ndani yake ili mchungaji aone kwamba tumesoma. Niliyarudia nikifua, nikipika, nikiwa kanisani kwetu.

Jumamosi tulikwenda wanne, pamoja na muuguzi na mama wa samaki. Kanisa lile lilikuwa la mbao, limejengwa juu ya mawe ya volkano, na chumba cha wagonjwa kiko nyuma. Mchungaji alitoka kutupokea mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi mwenye sweta iliyochakaa kwenye viwiko na macho mekundu sana. Nikaanza. Nilisema tunaheshimu imani, sisi wenyewe ni Wakristo, lakini mgonjwa ana haki zake, na kumfunga mtu kamba ni kinyume cha sheria, na sayansi leo imeonyesha, na kadhalika na kadhalika. Alinisikiliza mikono ikiwa nyuma. Hakunikatiza hata mara moja.

"Umemaliza, mama?"

"Ndiyo, papa pasta."

"Mumechelewa."

Mama wa samaki alinishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia. Sote wawili tulifikiria jambo moja. Lakini sauti ya ndugu yake ikasikika nyuma ya kanisa, imekauka, inasema bila kupumzika, na sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtu akipayuka.

"Mumechelewa," mchungaji akarudia, "juu mi minangojea batu kama ninyi tangu siku nyingi. Muingie."

Mwenzangu alishusha pumzi kwa kishindo, hata mchungaji akacheka.

Ile kamba alikuwa ameiondoa mwenyewe siku ya pili, baada ya kuona mikono ya mgonjwa inatoka damu. Tangu hapo alikuwa analala mlangoni mwa chumba ili mgonjwa asitoke kukimbilia ziwani; ndiyo sababu ya macho yale. Alimuombea, akafunga kula, akawaita wachungaji wengine nao wakamuombea. "Kuomba njo kazi Mungu alinipatia," alituambia, "na sitaiacha. Lakini huyu mutu anahitaji kitu ingine tena. Niliiona. Ila kwenda lopitali niliona haya. Batasema, angalia pasta, maombi imemushinda, analeta mugonjwa kwetu."

Yale maneno yangu yote, na Kifaransa chake, yalikuwa hayana kazi tangu mwanzo.

Mgonjwa alikuwa ameketi juu ya mkeka. Alikuwa amekonda, na kwenye vifundo vya mikono palikuwa na alama za kamba, zimeanza kupona. Dada yake aliziona. Akafunika mdomo kwa kitenge, lakini hakutoka.

"Karibuni, bageni ba ziwa!" yule kaka akatupokea. Mara moja akatupa vyeo. Muuguzi akawa waziri wa mvua, mwenzangu akawa jenerali, mimi nikawa mkurugenzi wa ndege, ndege wenye manyoya, si wale wa uwanja wa ndege, alifafanua. Alichekesha kweli, na macho yake yalikuwa yanatisha. Maneno yalitoka moja juu ya jingine, midomo imepasuka kwa ukavu.

Muuguzi aliketi chini kwenye mkeka, akakunja miguu, akangoja. Kisha akamuuliza kwa ile sauti yake ya chini:

"Unachokaka?"

Akaendelea kusema. Muuguzi akauliza tena, vile vile, bila kupandisha sauti. Akaendelea. Akauliza tena. Na hapo akanyamaza, katikati ya neno. Uso wake ukashuka.

"Nimechoka," akasema. Ilikuwa sauti nyingine kabisa. "Nimechoka, mama. Lakini haisimamake." Akaonyesha kichwa.

"Tutaisimamisha polepole. Kuko dawa. Utakubali tuende pamoja?"

Alimtazama dada yake. Dada akamwambia kitu kwa Kinyarwanda, maneno machache tu. Baadaye nilimuuliza mwenzangu, maana yeye anakijua, alisema nini. "Alimuambia tu avae viatu," akanijibu.

Akavaa viatu.

Muumini mmoja wa kanisa alitoa gari lake. Mchungaji naye akapanda, na Biblia kwapani, na kabla mlango haujafungwa akamuuliza muuguzi, kama mtu anayeomba ruhusa, kama ataweza kuendelea kumuombea akiwa kule kituoni.

"Uendelee, papa," muuguzi akasema. "Sindano yangu haikatazake maombi yako."

Kituoni walimpima, wakampa maji, daktari akaandika, wakamchoma sindano. Tulisimama mlangoni mwa chumba. Aliendelea kusema akiwa amelala kitandani, lakini maneno yakaanza kuachana, kama mvua inapopungua juu ya mabati, tone, kisha tone, kisha kimya. Dada yake akaruka. Akaweka kiganja mbele ya pua ya ndugu yake.

"Anapumua?"

"Anapumua, mama. Analala."

"Analala?"

"Analala tu."

Aliteremka na ukuta taratibu mpaka sakafuni, akalia na kucheka pamoja, kitenge usoni. Tulimwinua tukamweka kwenye benchi la nje. Muda si mrefu naye alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kwenye bega la mchungaji. Na mchungaji mwenyewe alikuwa ameshatangulia, Biblia juu ya kifua, anakoroma. Muuguzi alitoka, akawaona, akatikisa kichwa.

"Nilienda kuchukua mugonjwa mumoja," akasema. "Angalia sasa niko nao batatu."

Mimi na mwenzangu tulinunua mandazi kwa mama aliyekuwa langoni, tukaketi uani kwenye jua.

Jioni nilimkuta mama jikoni anachambua maharage. Jaketi nilikuwa nimelisahau kwenye gari la watu, maandishi ya mgongoni yako wazi, wala sikujali. Nilimsimulia yote, tangu ndoo ya Kituku hadi mandazi. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza, vidole vyake vikasimama ndani ya maharage.

"Na ile mama ya dawa. Anapokeaka hata batu ba miaka yangu?"

"Anapokea kila mutu. Juu ya nini?"

"Mi pia silalake." Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Tangu siku za risasi. Minalala kidogo, minaamuka, minahesabu watoto ndani ya nyumba. Nafikiri muko ndani, lakini lazima nihesabu."

Nilikuwa nimekwenda sokoni kuwauliza mama za watu wengine wanalala namna gani, na mama yangu mwenyewe alikuwa akipita mlangoni pangu kila usiku. Ningeweza kuhuzunika, lakini jioni ile sikuhuzunika. Nilifurahi tu kwamba amesema. Nilikaa chini tukachambua maharage pamoja, na Jumatatu nilimsindikiza kwa muuguzi. Hakupewa hata kidonge. Alipewa siku za kurudi kuzungumza, na akarudi. Siku hizi anaamka mara mojamoja, na kama amehesabu, anatuambia asubuhi, tunacheka.

Yule kaka hakupona kwa siku moja. Wiki za kwanza alikuwa mzito, anatembea kama ndani ya maji, mikono inatetemeka. Aliporuhusiwa kurudi kwa dada yake, akataka kuacha dawa. "Inanigeuza gogo," alisema. Dada alinipigia simu kwa hofu, nami nikampigia muuguzi. Daktari akapunguza kipimo, mikono ikatulia. Walimweleza kwamba dawa hiyo atakunywa kwa muda mrefu, kama mtu mwenye presha anavyokunywa ya kwake. Kilichomuumiza zaidi ni aibu. Alikumbuka yote: samaki aliowagawa, maneno aliyowaambia watu wazima, mambo ya ziwa. Pikipiki haikupatikana. Kulikuwa na siku alizokataa kutoka nje, na siku hizo mchungaji alikuja, akaketi naye bila kuhubiri, halafu wakaenda kutembea.

Mchungaji alitualika kanisani kwake Jumapili moja. Aliwaambia waumini wazi kwamba kuanzia siku hiyo anayeleta mgonjwa wa namna ile apite kwanza kwa muuguzi, kisha yeye ataomba, na kwamba kamba haitaingia tena katika nyumba yake. Nilitazama watu kuona kama watanung'unika. Mzee mmoja alisimama, akauliza kituo kiko wapi, na kama kinafunguliwa Jumamosi.

Mwezi uliopita nilikuwa nimebanwa na mitihani, sikufika Kituku kwa muda. Ijumaa moja nikapata nafasi, nikashuka. Nikiwa bado juu, karibu na barabara, nikasikia sauti mbili zinapigana maneno, ya mwanamke na ya mwanaume, na ile ya mwanaume niliitambua. Nikadhani ugonjwa umerudi. Niliteremka mbio, nikikwepa madumu na mabeseni.

Niliwakuta wamesimama pande mbili za meza, samaki katikati. Kaka alikuwa anasema dada yake anapanga vibaya, anaweka wakubwa chini na wadogo juu, wateja wanapita. Dada anasema yeye alikuwa anauza samaki huyo mdogo wake akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilisimama pale nikihema, nikamtazama machoni. Yalikuwa macho ya mtu aliyekasirika, basi. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake.

Dada akaniona.

"Unaona huyu? Unaona vile amenirudilia?" Alijaribu kukunja uso, ukakataa, ukafunguka wote. "Miezi yote ile, kila kitu ni ndiyo mama, ndiyo mama, kama mugeni. Leo ananiambia niko na kichwa ngumu!"

"Ni kweli aiko na kichwa ngumu," kaka akaniambia, taratibu, bila kucheka. "Uandike ile mu masomo yako."

Mteja aliyekuwa anangoja muda wote huo, kapu mkononi, akauliza kama kuna mtu yeyote pale atakayemuuzia samaki.